Lebo ya Kwanza Haitupwi

Miaka ile chama cha ushirika kilikuwa kimeshakufa kimyakimya, na salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, haikuletwa tena kwa mkopo. Ukitaka salfa ya mikorosho yako, unapanda gari unateremka Masasi, unaweka fedha mezani kwa mfanyabiashara, naye anakusukumia mfuko. Huna fedha, unarudi nyumbani kuangalia maua yakigeuka meupe kwa ugonjwa wa ubwiriunga, halafu meusi, halafu basi. Walioliita jambo hilo soko huria hawakuwa na mkorosho hata mmoja.

Somoe wa kijiji cha Mnyambe, mama yake Awadhi, alikuwa na mikorosho arobaini na miwili. Ndiyo iliyomvisha, ndiyo iliyoezeka nyumba yake bati, na ndiyo iliyomfanya mjane asiyemwomba mtu chumvi. Kwa hiyo mwezi wa Mei, kampuni ya kuchimba mambo ya kale ilipokuja kutafuta vibarua, alipiga hesabu upesi. Kazi ingekuwa ya siku arobaini na nne. Ingekwisha maua yanapoanza kufunguka, na ujira ungenunua salfa.

Kampuni hiyo ilikuja kwa sababu ya barabara. Ile ya kutoka Masasi kupanda Newala ilikuwa inyooshwe mahali fulani, na waliotoa fedha waliweka sharti kwamba tingatinga lisiguse ardhi kabla vitu vya zamani vilivyofukiwa humo havijachimbuliwa taratibu na kukabidhiwa serikali. Zamani serikali ingechimba yenyewe. Siku hizo kila kitu kilikuwa zabuni, hata mifupa ya mababu, na zabuni hii aliishinda Dakta Oscar wa Dar es Salaam, mtu wa shati jeupe na maneno laini.

"Mama Awadhi," alimwambia Somoe siku ya kwanza, "wanaume wa hapa wanataka elfu mbili na nusu kwa siku, na kila saa wanakwenda kuvuta sigara. Nitafutie wanawake. Elfu moja mia tano."

Somoe akatafuta. Alipita nyumba kwa nyumba, akawaambia wenzake waache vibarua vya palizi, kazi ya maana imekuja, salfa ya mwaka huu haina wasiwasi. Akawapata kumi na tisa, yeye wa ishirini. Dakta akamfanya mnyapara, cheo kisicho na senti ya ziada, naye akakipokea kwa furaha kama mjinga. Alijiita hivyo mwenyewe baadaye, tena mara nyingi.

Kazi yenyewe waliipenda. Aliyewafundisha alikuwa Emilia, binti mwembamba aliyesomea mambo hayo chuo kikuu. Kwao ni karibu na Chidya, na babu yake alikuwa katekista, kwa hiyo alikuwa na adabu za kale pamoja na suruali ya jinzi. Aliwaonyesha jinsi ya kuukwangua mchanga mwekundu kwa mwiko wa fundi uashi, unene wa kidole kwa kidole, jinsi ya kuuchekecha, na jinsi ya kuokota vigae vya vyungu vilivyofinyangwa na wanawake ambao hakuna aliyewajua tena majina. Kila kifungu cha vigae kiliingia katika mfuko wake wa nailoni, na kila mfuko ulipewa lebo ya karatasi yenye namba ya mraba, kina, tarehe na jina la mchimbaji.

Kwenye jina ndipo palipoleta vurugu. Zena walikuwa watatu, na wawili kati yao walikuwa Zena binti Hamisi. Emilia akajaribu Zena A na Zena B, lakini Zena B akanuna kutwa nzima akiuliza kwa nini yeye awe wa pili.

"Tuandike alama za mitungi," akasema Somoe.

Uwandani juu maji ni shida ya tangu na tangu. Wanawake huteremka bondeni kuyafuata, na kisimani mitungi hupangwa foleni tangu alfajiri ikingoja maji yajikusanye. Ili usichukuliwe wako, kila mwanamke hukwaruza alama yake shingoni mwa mtungi kabla haujachomwa, alama aliyopewa na mama yake. Ya Somoe ilikuwa mistari mitatu ya mshazari na nukta moja chini. Kuiga alama ya mwenzio ni ugomvi wa kutajiana wazazi. Emilia alifurahi mno. Akawaambia wachore alama mahali pa jina, na yeye akazinakili zote ishirini katika daftari lake.

Siku moja Zena mrefu aliloweka lebo yake kwa maji ya kunywa. Akaikunjakunja aitupe, aandike nyingine. Emilia akamrukia, akamshika mkono.

"Hapana, shangazi! Lebo ya kwanza haitupwi. Hata ikichafuka, hata ikikosewa. Andika mpya uifunge kwa nje, lakini ile ya kwanza ibaki ndani ya mfuko pamoja na vigae vyake."

"Hata imeoza hivi?"

"Hata imeoza. Ya kwanza imeandikwa na mtu aliyekuwa ndani ya shimo. Ya pili imeandikwa na mtu anayekumbuka tu."

Wanawake wakacheka, wakasema hiyo sasa imekuwa dini. Lakini wakaifuata.

Wiki ya kwanza walilipwa. Ya pili Dakta akasema hundi imekwama benki. Ya tatu akasema mwenye kusaini hundi amesafiri. Ya nne alisema mambo ambayo hata yeye, nadhani, hakuyaelewa. Wanawake waliendelea kuchimba, maana ukishadai wiki tatu unaogopa kuziacha. Siku ya arobaini na nne makasha ya vigae yakapakiwa, yakateremshwa Masasi kwenye nyumba ya wageni alikofikia Dakta, na shimo likafukiwa. Mikorosho ikaanza kufungua maua.

Hapo ndipo Somoe alipokosa usingizi. Haikuwa mikorosho yake arobaini na miwili peke yake. Ilikuwa ya nyumba ishirini, na maneno yaliyowatoa wanawake wale majumbani yalitoka kinywani mwake. Hawakumtukana. Wangemtukana ingekuwa nafuu. Walikuwa wakija jioni mmoja mmoja, wanakaa kizingitini, wanamwuliza kama amesikia chochote, wanaondoka. Akiteremka kisimani, mazungumzo yalikatika. Wiki moja tu zaidi, na salfa hata ikipatikana ingekuwa ya kupulizia majani tu.

Jumatano akaenda Masasi. Alipanda pikapu ya kampuni iliyokuwa imekuja kuchukua machekeche yaliyosalia. Dereva wake alikuwa Dadi, Mmakua wa pale mjini, mtani asiyejua kufunga mdomo.

"Nyie Wamakonde mna mambo," alisema Dadi huku gari likiteremka mlima. "Siku arobaini na nne mnafukua vyungu vibovu! Kwetu vimejaa jalalani, mngekuja kuzoa bure."

"Vya kwenu ni vipya, ndiyo maana. Juzi tu mmejifunza kupika."

Dadi akacheka mpaka usukani ukayumba. Kisha akapunguza sauti. "Lakini nikwambie, mtani wangu. Ijumaa anakuja mkaguzi wa serikali kutoka Dar, pamoja na mhandisi wa barabara. Wanapokea makasha, wanasaini, Dakta anapata fungu lake la mwisho. Jumamosi alfajiri tunaondoka. Nimeambiwa nijaze mafuta."

"Na sisi?"

"Kwenye karatasi nyie hampo. Nimeiona mezani. Wapo mafundi ishirini wa kiume kutoka Dar, elfu kumi na mbili kwa siku, wamelipwa na wamesaini." Akatazama barabara. "Mimi nilidhani wanakuja kwa gari jingine."

Somoe alizihesabu hizo elfu kumi na mbili mpaka Masasi.

Nyumba ya wageni ilikuwa na baraza ya saruji iliyoelekea milima ya mawe. Makasha yalikuwa yamepangwa ukutani, na Emilia alikuwa ameketi mkekani katikati ya mifuko, anaandika. Somoe akamkaribia kwa nyuma. Alisoma kwa shida, herufi kwa herufi kama alivyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima, lakini alisoma. Lebo mpya, nyeupe, safi. Mahali pa jina paliandikwa Bonifasi M. Iliyofuata, Optatus K. Iliyofuata, Bonifasi M. tena.

Emilia akageuka, akashtuka. Kalamu ikamponyoka.

"Shikamoo, Mama Awadhi."

Somoe alimtazama, akazitazama lebo, akapita kuingia ndani. Hakuitikia. Katika miaka yake hamsini na mitatu hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtoto wa mtu ikining'inia hewani, na hata kwa hasira aliyokuwa nayo, jambo hilo lilimchoma.

Dakta Oscar alimkaribisha soda. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kampuni imekula hasara kubwa, zabuni za siku hizi hazina faida, mshindani anataja bei ya chini nawe unalazimika kwenda chini zaidi. Pengine hilo lilikuwa kweli. Lakini shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Wewe umefanya kazi ya ziada," akamalizia. "Mimi si mtu mbaya. Kesho kutwa jioni nitakupa yako yote. Wewe peke yako. Wenzako waambie kampuni imefilisika, wavute subira. Na Ijumaa mchana msije hapa, kutakuwa na wageni."

Somoe alisema atafikiri. Na alifikiri kweli, msimwone malaika. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaiona mikorosho yake imepuliziwa, maua yamesimama, vikonyo vimeshika korosho. Aliihesabu mti mmoja mmoja. Alipofika wa arobaini na mbili akaona ng'ambo ya mpaka mikorosho ya Zena mrefu, myeusi, na Zena mwenyewe akija kisimani kila siku ya Mungu na mtungi wake kichwani. Akatambua kwamba hawezi. Si kwamba hataki. Hawezi.

Alhamisi asubuhi akawaita wote, akawaeleza kila kitu, na ile ahadi ya Dakta akaieleza. Kisha Zena B akauliza, "Sasa huyo Bonifasi ndiye mimi, au ndiye wewe?" Wakacheka, na Somoe akajua kwamba watakwenda.

Ijumaa walishuka Masasi kwa lori la mihogo, ishirini, khanga zimefungwa viunoni. Walipoingia uani mwa nyumba ya wageni, makabidhiano yalikuwa yameanza. Mkaguzi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, miwani kwenye kamba shingoni, Bi Yuliana. Kando yake alisimama mhandisi wa barabara mwenye buti za vumbi. Emilia alikuwa nyuma ya meza, macho chini.

"Hawa ni wanawake wa huku wanaotafuta vibarua," Dakta Oscar akawahi kusema. "Dadi, waambie wasubiri nje."

Dadi alikuwa amezama ndani ya injini ya pikapu na ghafla akawa kiziwi.

"Shikamoo, mama," Bi Yuliana alimwambia Somoe, aliyemzidi umri kidogo. "Mna shida gani?"

"Marahaba. Shida yetu ni moja. Sisi ndio tuliochimba, na tangu wiki ya pili hatujalipwa."

Dakta akatabasamu. Akafungua faili, akaonyesha orodha ya malipo, mafundi ishirini, sahihi ishirini. Akafungua kasha la juu, akatoa mfuko, akaelekeza lebo. "Bonifasi M. Kila mfuko una jina la aliyeuchimba, Bi Mkaguzi. Hayo ndiyo maandishi ya kitaalamu. Maneno kila mtu anayo."

Bi Yuliana akavaa miwani, akasoma. Akatoa mfuko wa pili, wa tatu. Optatus K. Bonifasi M. Lebo zilikuwa safi, mwandiko mzuri. Akamtazama Somoe kwa huruma, na huruma hiyo Somoe aliiogopa kuliko kufukuzwa.

"Huyo Bonifasi," akasema Somoe, "kama alikuwepo tungemwona. Angekula wapi siku arobaini na nne?"

"Mama, nakuelewa. Lakini nina karatasi hapa, na kwako sina."

Nyuma yake wenzake walikuwa wameanza kunung'unika. Somoe alimtazama Emilia, na Emilia hakuinua macho. Lakini mkono wa binti yule ulikuwa umekamata mwiko mfukoni mwa jinzi, kama alivyokuwa akifanya shimoni kila alipongoja mtu aone mwenyewe jambo aliloliona yeye tayari. Ndipo Somoe akakumbuka lebo iliyooza.

"Umwage," akasema.

"Nini?"

"Umwage huo mfuko mezani. Uone ndani."

"Vitu vya kale havimwagwi ovyo!" Dakta Oscar alipaza sauti kwa mara ya kwanza tangu aje kusini. "Vina umri wa mamia ya miaka!"

"Vimekaa chini ya mihogo," akajibu Bi Yuliana, "meza haitavidhuru." Akaumwaga.

Vigae vikatawanyika, vyekundu na vyeusi, na mchanga kidogo. Hakuna kingine. Bi Yuliana akavipapasa kwa kidole. Somoe akawaza kwamba amewaleta wanawake kumi na tisa kwa nauli ya mkopo waje kuaibika mbele ya watu, na mikorosho ndiyo imekwenda.

"Ugeuze mfuko nje ndani," Emilia akasema polepole. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Karatasi huwa inanata kwenye kona."

Bi Yuliana akaugeuza. Kwenye kona ya nailoni ilikuwa imenata karatasi ndogo yenye rangi ya udongo. Akaibandua kwa kucha. Mraba wa saba. Kina, sentimita arobaini. Tarehe ya mwezi wa Juni. Na mahali pa jina, mistari mitatu ya mshazari na nukta moja chini.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni mimi," akasema Somoe.

Kilichofuata kilichukua saa mbili na hakuna aliyechoka. Bi Yuliana alimwaga mfuko baada ya mfuko, na kila mmoja ulikuwa na lebo yake ya kwanza ndani. Akawapa wanawake kijiti, akamwambia kila mmoja achore alama yake mchangani pale uani. Emilia akaleta daftari. Alama ishirini mchangani, alama ishirini daftarini, alama zilezile ndani ya mifuko. Zena mrefu alichora yake kubwa kama jembe ili asipuuzwe. Mhandisi alipiga picha, kisha akafunga faili la Dakta na kuliweka kwapani mwake.

"Fungu la mwisho linabaki ofisini kwangu," alisema. "Waliochimba ndio watakaolipwa, tena kwa bei iliyoandikwa humu. Elfu kumi na mbili."

Hakuna aliyepiga kigelegele mara moja. Ilibidi kwanza Zena B aulize kama amesikia vizuri. Baada ya hapo wapita njia walidhani kuna harusi. Somoe yeye alikaa chini, pale pale kwenye saruji, akafunika uso kwa khanga. Dakta Oscar aliingia chumbani kwake. Wanasema alikuwa anatafuta simu, lakini Masasi siku hizo simu ilikuwa posta, na posta ilikuwa imeshafungwa.

Jumatatu mhandisi alikuja palepale uani na fedha na orodha mpya. Kila mwanamke alichora alama yake, akapokea, akahesabu mara mbili. Somoe kama mnyapara alipewa karatasi athibitishe kwamba wote wamelipwa. Akaisoma taratibu mpaka chini. Akairudisha.

"Bado mmoja."

"Mko ishirini, mama."

"Emilia. Miezi mitatu hajapata hata senti. Aliambiwa yuko mafunzoni, na asipotii hatapewa barua ya kumwombea kazi. Dadi ndiye aliyeniambia. Bila yeye mngepokea makasha ya Bonifasi."

Mhandisi alikuna kichwa, akatazama bajeti, akakuta humo mshahara wa msimamizi ambao Dakta alikuwa ameujaza kwa jina lake mwenyewe. Akaandika mstari wa ishirini na moja. Ndipo Somoe akaweka alama yake.

Saa kumi alasiri pikapu ya Dadi, ambayo sasa ilikuwa imekodiwa na wanawake wenyewe, ilisimama mbele ya duka la pembejeo imejaa mifuko ya salfa. Kila mfuko ulikuwa umechorwa alama kwa mkaa, isije ikawa ugomvi Mnyambe. Maua yalikuwa bado hayajashikwa na ugonjwa. Zena mdogo alikuwa ameyakagua alfajiri kabla hawajateremka. Wangepulizia kesho, umande ukiwa bado kwenye majani.

Emilia alikuja kuwaaga, begi mgongoni. Alisimama mbali kidogo, karibu na tairi.

"Ulijua kwamba nitakumbuka?" Somoe akamwuliza.

"Sikujua. Nilikuwa naandika zile za uongo na kufunga kwa nje, naziacha za kweli ndani. Nikasema, kama hakuna atakayeuliza, basi angalau watakaofungua baada ya miaka mia watajua." Akafuta pua kwa mkono. "Niliogopa kusema, mama. Nisamehe."

Somoe akamsogelea. Mikono yake ilikuwa ya njano kwa unga wa salfa uliovuja kwenye mfuko, kwa hiyo hakumshika. Dadi alipiga honi.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Emilia akashangaa kidogo, maana alikuwa hajasalimu.

"Ni ile ya Jumatano," Somoe akasema, kisha akapanda gari.